PROTINI ZINAZOREKEBISHA NGOZI, NA SABABU ZA VIDONDA VINGINE KUTOPONA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanafahamishwa kwamba ukurasa huu umetengwa kwa ajili ya kueleza namna ngozi ya binadamu inavyojirekebisha baada ya kukatwa, kuungua au kuchubuka, na kwa nini baadhi ya vidonda, khasa vya miguu, hukataa kupona hata mwenye navyo akapaka kila dawa aliyoelekezwa.

Haja ya maelezo haya imetokana na mambo mawili. Kwanza, wapo wananchi wanaovuka bahari kwenda kutibiwa Dar es Salaam, ama Hospitali ya Taifa Muhimbili au hospitali yake ya Mloganzila iliyoko Wilaya ya Ubungo, ambao hufika huko kidonda kikiwa kimekwisha kula mfupa. Daktari hapo huwa hana tena la kuchagua ila kukata kidole, na wakati mwengine mguu. Pili, siku hizi vinauzwa vichupa vya mafuta ya ngozi vinavyosifiwa kuwa vina protini za ukuaji zenye kufuta makovu na kurudisha ujana. Bei zake si ndogo. Mwananchi anayo haki ya kujua ni kipi katika maneno hayo kilicho cha elimu na kipi kilicho cha biashara.

Tuchukue mfano wa jeraha la kawaida. Mtu anakuna nazi, mkono unateleza, meno ya mbuzi yanamkata kiganjani. Damu inatoka, na baada ya dakika chache inaganda. Watu wengi hudhani kazi ya damu iliyoganda ni kuziba tu, kama kizibo cha chupa. Sivyo. Ndani ya damu mna vijipande vidogo mno viitwavyo chembe sahani, na kila kimoja kimebeba vifuko vya protini. Chembe hizo zikigusa nyama iliyokatika, hujibandika hapo, hupasuka na kumwaga vilivyomo. Miongoni mwa vinavyomwagika ni hizo protini za ukuaji tunazozizungumzia.

Protini ya ukuaji ni mfano wa waraka wa Serikali. Waraka wenyewe hauchimbi msingi wala haubebi tofali, bali ukimfikia anayehusika, kazi huanza. Nao hausomwi na kila mtu. Juu ya kila seli ya mwili kuna vipokezi, na seli isiyokuwa na kipokezi cha protini fulani haishughulishwi na protini hiyo hata ikipita mlangoni pake. Seli yenye kipokezi chake huipokea, na hapo huamka: hugawanyika ikawa mbili, au huhama kutoka mahali ilipo kwenda kwenye jeraha, au huanza kutengeneza kitu ambacho haikuwa ikikitengeneza jana.

Waraka wa kwanza hutolewa na chembe sahani zenyewe. Huziita seli nyeupe za damu zije kula vijidudu na uchafu, na kuziita faibroblasti, ambazo ndizo seli za ujenzi katika tabaka la ndani la ngozi. Katika siku mbili tatu za mwanzo jeraha huwa jekundu, limevimba kidogo na lina joto. Kwa jeraha safi hali hiyo si ubaya, bali ni dalili kwamba walioitwa wamefika. Miongoni mwa seli nyeupe hizo mna zile kubwa ziitwazo makrofaji, nazo zikishakula uchafu hugeuka kuwa watoaji wa nyaraka wapya. Kwa hiyo chembe sahani zinapokwisha kazi, ujumbe hauishi.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne hivi ujenzi hushika kasi. Seli zilizokosa hewa kwa sababu mishipa ilikatika hutoa protini inayoita mishipa mipya ya damu ichipuke. Ndiyo maana kidonda kinachopona vizuri huwa na nyama nyekundu yenye vijipunje, na kikiguswa hutoka damu upesi. Faibroblasti nazo hufuma nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi nguvu, na wakati huo huo hutoa protini nyengine ya kuziamsha seli za tabaka la juu. Seli hizo za juu hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, mpaka pande mbili zikutane. Mwananchi aliyepata kuona kidonda kinavyojifunga, kile kiutando chembamba cha rangi ya waridi kinachosogea kidogo kidogo kutoka pembeni, amekwisha kuiona kazi hiyo kwa macho yake.

Baadae huja kipindi kirefu ambacho wengi hawakijui. Ngozi ikishafunga, kazi ya ndani huendelea kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Kolajeni iliyofumwa kwa haraka huvunjwa na kufumwa upya kwa mpangilio bora. Hata hivyo kovu halirudishi nguvu yote ya ngozi ya asili. Hufikia kiasi cha asilimia 80 tu, na hapo husimama. Kwa baadhi ya watu, na sisi Waafrika tumo zaidi katika kundi hilo, amri ya kusimamisha ufumaji huchelewa, na kovu huvimba likapita hata mipaka ya jeraha. Hiyo ndiyo keloidi, ambayo aghlabu huonekana masikioni baada ya kutoga, kifuani na mabegani. Mtu mwenye tabia hiyo ya ngozi asikimbilie kuikata, kwani kukata peke yake huweza kuleta nyengine kubwa zaidi.

Elimu ya protini hizi haina umri mkubwa. Bibi Rita Levi-Montalcini, Mtaliana, alianza utafiti wake wa mishipa ya fahamu katika chumba chake cha kulala mjini Turin wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa kuwa sheria za kibaguzi za wakati ule zilimzuia Myahudi kufanya kazi chuoni. Baadae, huko Marekani, alishirikiana na Stanley Cohen, na kwa pamoja wakaitambua protini inayokuza mishipa ya fahamu. Cohen alipowadunga watoto wa panya dawa iliyotokana na tezi za mate za panya, aliona jambo ambalo hakulitarajia: macho yao yalifumbuka siku kadhaa kabla ya wakati wake, na meno yakaota mapema. Mtu mwengine angeliandika pembeni na kuendelea na shughuli zake. Yeye aliifuata mpaka akaipata protini inayokuza tabaka la juu la ngozi. Mwaka 1986 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwamba protini hiyo ilipatikana kwanza katika mate si ajabu kwa aliyepata kumtazama paka mwenye jeraha akijilamba. Lakini binadamu asimwige paka, kwani mdomoni mwetu mna vijidudu vingi ambavyo havitakiwi kidondani.

Sasa tuje kwenye vidonda visivyopona, maana hapo ndipo penye khatari.

Mwenye maradhi ya kisukari ambayo hayakudhibitiwa kwa miaka mingi hupatwa na mambo mawili miguuni. Mishipa ya fahamu hufa ganzi, na mishipa ya damu huwa membamba. Mguu uliokufa ganzi hauna mlinzi. Msumari huingia, kokoto hukaa ndani ya kiatu kutwa nzima, maji ya moto humwagika, na mwenye mguu hana habari. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake, ambao kwa miaka mingi wamewatibu watu wa aina hiyo Dar es Salaam, waliandika katika jarida la kitabibu mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Panya huuma usiku, mtu amelala, naye hazinduki. Asubuhi anaona damu shukani. Anayezijua nyumba zilizobanana za Manzese na Mabibo huko Ubungo, au hata mitaa yetu ya Ng'ambo, ambako chakula, jaa la taka na kitanda havitengani kwa mbali, hatauona msiba huu kuwa ni hadithi.

Katika mguu wa namna hiyo jeraha dogo hukwama. Protini za ukuaji hutolewa, lakini chache. Na hizo chache hukutana na adui. Kidonda kilichokaa muda mrefu na chenye uchafu hujaa vimeng'enya vinavyokata protini. Katika jeraha la kawaida vimeng'enya hivyo vina kazi yake ya kuondoa nyama mbovu, kisha hupungua. Katika kidonda sugu havipungui. Hukata protini za ukuaji, hukata vipokezi vyake, na hukata kolajeni ile ile inayofumwa. Waraka unachanwa kabla haujasomwa. Aidha, sukari nyingi katika damu hujibandika kwenye protini za mwili na kuziharibu umbo, na huzidhoofisha seli nyeupe, hivyo vijidudu hustawi. Uzito wa mwili nao, kila hatua, hukanyaga pale pale penye kidonda na kuzivunja zile seli changa zinazotambaa. Matokeo yake ndiyo yale ambayo wazee huyaita donda ndugu, na ambayo baadhi ya watu huyapeleka kwa waganga kwa kudhani kuwa ni kazi ya mkono wa mtu.

Kwa kuwa upungufu wa protini hizi ulijulikana, wataalamu walijaribu kuzitengeneza kiwandani na kuzirudisha kidondani. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu dawa ya kupaka iliyotokana na protini ya chembe sahani, iitwayo becaplermin, kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Cuba mwaka 2006 ilisajili dawa yake ya Heberprot-P, ambayo ni protini ya tabaka la juu la ngozi, na hudungwa ndani na kandokando ya kidonda. Dawa hizi si uzushi. Zina manufaa kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini hazikuwa muujiza uliotazamiwa, na sababu yake inafahamika kutokana na tuliyoyaeleza hapo juu: ukiongeza nyaraka katika ofisi ambayo kila karatasi huchanwa mlangoni, hukupata kitu. Hapana budi kwanza nyama iliyokufa ikatwe, maambukizo yatibiwe, sukari ishushwe na mguu upumzishwe usikanyagiwe. Baada ya hayo, vidonda vingi huanza kujifunga vyenyewe bila ya dawa ya gharama. Na becaplermin huhitaji kuwekwa katika jokofu muda wote, jambo ambalo kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika ni mtihani.

Ipo pia tahadhari. Protini inayoamrisha seli kugawanyika haichagui seli njema peke yake. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu ya becaplermin kuhusiana na vifo vya saratani kwa waliotumia kwa wingi; baada ya uchunguzi zaidi onyo hilo liliondolewa. Hata hivyo hazipakwi mahali penye saratani ya ngozi. Hii ndiyo sababu dawa za aina hii huandikwa na daktari na si kununuliwa kwa kusikia.

Tukirudi kwenye vile vichupa vya urembo, hesabu yake ni nyepesi. Ngozi nzima isiyo na jeraha imeumbwa kuzuia vitu visiingie. Wataalamu wa ngozi hukadiria kwamba chembe yenye uzito wa zaidi ya daltoni 500 hupenya kwa shida sana. Protini ya tabaka la juu la ngozi ina uzito wa daltoni 6,000 hivi, na ile ya chembe sahani ni nzito zaidi mara nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya protini iliyomo ndani ya kichupa, kama kweli imo, na kama haikuharibika kwa joto la safari na la duka, itabaki juu ya ngozi mpaka ioshwe kwa sabuni.

Kibaya zaidi kuliko vichupa hivyo ni krimu za kujichubua. Bidhaa zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali zimepigwa marufuku kuuzwa nchini kama vipodozi, lakini bado hupitishwa kwa magendo. Steroidi kali, ambayo kwa maradhi fulani ni dawa njema mkononi mwa daktari, ikipakwa kila siku kwa miezi huziamuru faibroblasti zisifume. Uzalishaji wa protini za ukuaji hupungua, kolajeni huisha, ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mwanamke wa namna hiyo akihitaji kupasuliwa wakati wa kujifungua, mpasuaji hupata taabu kushona na mshono huchelewa kushika. Rangi iliyotafutwa hulipiwa hapo.

Usimamizi wa bidhaa hizi umegawanyika, na wananchi wengine huchanganya. Kwa Tanzania Bara, tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye ofisi Ubungo kwenye njia panda ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Sam Nujoma. Dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa Zanzibar, chakula, dawa na vipodozi husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa. Mfanyabiashara anayenunua bidhaa Kariakoo au Ubungo na kuzileta visiwani asidhani kuwa risiti ya huko inatosha.

Yapo mambo ya nyumbani ambayo husaidia protini hizi kufanya kazi, na mengine huzizuia. Jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Ile kauli ya kwamba kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo kikauke haina msingi. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu liliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili ya lile lililoachwa likauke. Seli hutambaa juu ya unyevu; zikikuta gaga kavu hulazimika kupita chini yake. Aliyeungua kwa moto, kwa maji ya moto au kwa bomba la moshi la bodaboda aweke palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wa betri, majivu na samadi visitiwe kabisa. Majivu na samadi huweza kuleta pepopunda, na unga wa betri huunguza zile seli zilizosalimika.

Chakula nacho kina sehemu yake. Protini za mwili hutengenezwa kwa protini ya sahani. Dagaa, samaki, mayai, kunde na maharage ni chakula cha mwenye kidonda, na wale wanaomkataza mgonjwa samaki kwa madai kwamba watakitonesha kidonda wanamnyima matofali ya kujengea. Mapera na machungwa yana vitamini C, ambayo bila yake kolajeni haishikani sawasawa. Sigara huibana mishipa midogo ya damu, na mwenye kidonda cha mguu anayevuta sigara anajipiga vita mwenyewe.

Mwenye kisukari anatakiwa aitazame miguu yake kila siku: unyayo, kisigino na katikati ya vidole. Anayetia udhu mara tano kwa siku anayo fursa hiyo, ila aitumie kwa kutazama na si kwa kumwagia maji tu, kisha akaushe baina ya vidole. Asiyeona vizuri amwombe mtoto au mjukuu amtazamie. Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Na akitoka msikitini mchana wa jua kali avae viatu vyake hapo hapo mlangoni. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Kitanda kiwe na chandarua kilichochomekwa vizuri, ambacho pamoja na mbu hupunguza nafasi ya panya.

Mwenye kisukari akiona jeraha lolote mguuni, hata likiwa dogo na haliumi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kutouma hapo ndiyo dalili mbaya. Kwa mtu mwengine yeyote, kidonda ambacho baada ya wiki 4 hakijapungua hata nusu ya ukubwa wake kinahitaji kuchunguzwa upya, kwani huenda mna mfupa ulioingia vijidudu, au mshipa ulioziba, au saratani.

Mgonjwa anayeandikiwa barua ya rufaa kuja Mnazi Mmoja, au kuvuka kwenda Muhimbili na Mloganzila, achukue pamoja na barua hiyo daftari la vipimo vyake vya sukari, dawa zote anazotumia zikiwemo za miti shamba na krimu, na viatu anavyovaa kila siku. Viatu hivyo si vya kuvalia safari tu. Daktari atatia mkono ndani yake kutafuta ncha ya msumari au mshono uliojikunja, na mara nyingi sababu ya kidonda huonekana humo.